Tumerekodi Ahadi Zote, Lakini Nani Ameweka Rehani?

Kama uko na simu Nairobi siku hizi basi umeziona hizo klipu. Mwanasiasa amesimama juu ya gari kule soko la Burma ama Githurai, maikrofoni mkononi, anaahidi soko, barabara, stima, kazi za vijana, na chini ya video mtu ameandika tarehe tu na neno "tunaweka". Tangu maandamano ya Juni 2024 hii imekuwa kazi ya vijana wengi, kuhifadhi maneno ya waheshimiwa na kuyarusha tena siku wanapokana, na venye uchaguzi unakuja tarehe 10 Agosti 2027 hizo klipu zitakuwa nyingi kushinda mchanga wa Mlolongo. Watu wanasema Mkenya sasa ameamka, hawezi kudanganywa tena juu ushahidi uko. Hiyo kazi naiheshimu kwa moyo wote, lakini naona tumeisoma vibaya. Shida yetu haijawahi kuwa kusahau. Nani amesahau laptop ambazo watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kwa kampeni ya 2013? Hata mtoto ambaye hakuwa amezaliwa anaijua hiyo hadithi. Shida ni kwamba kile tunachorekodi ni neno lililotolewa bila kitu chochote kuwekwa, na neno la aina hiyo hata ulihifadhi mara elfu halina pa kushika. Tuliazima kwa Waingereza neno lao zito la kuahidi, pledge, tukaligeuza pleji, tukalipeleka kanisani na kwa harambee na kwa kampeni, lakini kile kitu kilichokuwa ndani ya hilo neno hatukukibeba. Na mbaya zaidi, kama nitakavyoeleza, mahali pa hicho kitu hapakubaki wazi, kuna watu wamewekwa hapo.

Nianze na neno lenyewe. Pledge iliingia kwa Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, plege, na zamani haikuwa maneno ya mdomo hata kidogo, ilikuwa mdhamini, mtu anayesimama kwa niaba yako, na baadaye kile kitu unachokiacha kwa mwenzako mpaka umalize deni. Yaani rehani. Hadi leo kwa duka la rehani kule Uingereza saa uliyoiacha inaitwa pledge, na siku unarudi na pesa unai-redeem, unaikomboa. Promise ni ukoo mwingine kabisa, inatoka Kilatini na maana yake ya asili ni kutuma mbele, unatuma neno mbele yako na wewe unabaki ukilifuata polepole, ukilifikia sawa, usipolifikia basi. Na hao Waingereza wa zamani walikuwa wanaamini kitu kuliko neno kiasi kwamba ukichimba maneno yao mengi ya makubaliano unaikuta rehani imelala chini. Wed, kuoa, inatoka kwa wedd, neno lao la kale la rehani. Engage imebeba gage, rehani kwa Kifaransa, na wage, mshahara, ni hiyo hiyo gage imepitia lahaja nyingine. Mortgage ni rehani iliyokufa. Kwa hivyo anayekwambia promise, pledge, vow na commitment ni visawe, chagua lolote, anakupa jibu la mtihani. Ukiyauliza hayo maneno swali moja tu, mwenye kusema ameacha nini mkononi mwa mwenzake, yanaachana njia papo hapo.

Sasa sisi kwa Kiswahili tulifanya nini? Fungua kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili, promise ni ahadi, pledge ni ahadi, hata commitment mara nyingi ni ahadi tena. Na si ati lugha yetu ni maskini, la hasha. Angalia vitenzi tu. Ahadi inatolewa, kama pumzi. Kiapo kinaliwa, na wale waliokula kiapo cha Mau Mau miaka ya 1950 walikula kweli, kitu kiliingia mdomoni, ndio maana serikali ya mkoloni iliogopa hicho kiapo kuliko bunduki nyingi. Nadhiri inawekwa, na Biblia yetu ya Kiswahili kwa Mhubiri sura ya 5 inasema ukishaiweka usikawie kuiondoa, yaani iko hapo kama mzigo juu ya meza ya Mungu mpaka uje uuchukue. Rehani inawekwa na inakombolewa. Dhamana inachukuliwa, mkataba unafungwa. Lugha yenyewe imeshapanga ni gani iko na uzito na ni gani ni hewa ya mdomoni, sisi tukazibeba zote tukazitia kwa gunia moja limeandikwa ahadi. Wale tuliosoma wakati wa Moi tulisimama parade bendera ikipanda, tukakariri ile Loyalty Pledge, maisha yangu, nguvu zangu na utumishi wangu, na mwalimu akituelezea anasema hapo mnaahidi. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa maana ya zamani ya hilo neno mtoto wa miaka nane alikuwa anaweka maisha yake rehani, na hakuna aliyeuliza huyo aliyepokea hiyo rehani ameweka nini upande wake.

Mtaani pleji ina maisha yake. Kamati ya harusi, kamati ya matanga, bili ya hospitali, unaingizwa kwa grupu ya WhatsApp bila kuulizwa na orodha inaanza kupanda, jina, pleji, na alama ya tiki kwa aliyelipa. Watu husema hiyo orodha ni ya kuaibisha watu na wako na haki kidogo, mtu amepigwa kalamu kazini mwezi jana lakini anaandika elfu tano juu shemeji yake ameandika kumi. Lakini hiyo orodha inafanya kazi kuliko manifesto yoyote na sababu ni rahisi, pale unaweka uso wako rehani mbele ya watu mtakaokutana tena kwa matanga mengine. Uso ni kitu. Una bei mtaani. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mweka hazina wa grupu kama hiyo, shangazi yetu alikuwa amelazwa hospitali moja ya kibinafsi, siku ya kutoka bili ikawa imepita kila kitu tulichokuwa nacho. Nilienda kwa ofisi ya malipo na simu yangu nikawaonyesha orodha, watu zaidi ya hamsini, pleji tamu tamu. Yule dada wa hesabu aliisoma yote kwa heshima kabisa, akanirudishia simu, akaniuliza, "Na mnaacha nini?" Nimelibeba hilo swali tangu siku hiyo. Mtu aliyetutoa hapo ni mjomba wangu ambaye jina lake halikuwa hata kwa orodha, alienda kwa gari akarudi na logbuku, yaani hati ya umiliki, ya Probox yake, ile anayoitegemea kubeba maziwa, akaiweka juu ya kaunta.

Mahakama nazo zimeliuliza hilo swali miaka mingi, na wanafunzi wa sheria hapa Parklands wanakutana nalo mwaka wa kwanza. Kuna kesi ya London ya miaka ya 1890, Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball. Kampuni ilitangaza kwa gazeti kwamba atakayetumia kifaa chao vile wameagiza na bado ashikwe na homa ya mafua atalipwa pauni 100. Bi Carlill akatumia mara tatu kwa siku, wiki baada ya wiki, akashikwa na homa, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba ile ilikuwa tu mbwembwe za biashara, hakuna mtu mwenye akili anachukulia tangazo serious. Majaji wakawaambia hapana, tangazo lenu lenyewe linasema mmeweka pauni 1,000 kwa benki kuonyesha hamchezi, sasa mtasemaje ni mchezo. Hapa kwetu wakili akikupa undertaking, yaani barua ya kujifunga, kwa mauzo ya shamba, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha atimize, na watu wa Nairobi wanahamisha mamilioni ya pesa juu ya barua moja kwa sababu wanajua leseni yake na jina lake viko mezani. Upande ule mwingine angalia madaktari. Juni 2013 serikali ilisaini nao mkataba wa pamoja, karatasi na sahihi zote, lakini haukusajiliwa mahakamani vile Sheria ya Mahusiano Kazini ya 2007 inataka, na ilipofika wakati wa kulipa serikali ikasema huo mkataba hauifungi. Mgomo ulianza tarehe 5 Desemba 2016, ukaisha tarehe 14 Machi 2017, siku 100, viongozi wa chama cha madaktari wakaenda hadi jela, na wagonjwa wa hospitali za umma ndio walilala chini wakingoja. Hata ahadi ya kuoa, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema haimfungi mtu, ila aliyepata hasara kwa kuiamini anaweza kudai fidia. Mkenya aliyeachwa na mchumba ako na njia kidogo. Mkenya aliyeachwa na mgombea hana.

Lakini tuseme ukweli kuhusu upande wa wanasiasa pia, juu kuna hoja yao moja ambayo ni nzito. Mgombea hana pesa za serikali. Bajeti ni ya Bunge, mambo ya kaunti yako chini ya gavana, uchumi unaweza kuanguka kesho, sasa utamfungaje mtu kwa kitu hakiko mikononi mwake? Mahakama ya Juu kwa kesi ya kampuni ya utangazaji ya Royal Media ya 2014 ilieleza ni lini raia anaweza kushikilia ahadi ya serikali, kwamba lazima iwe wazi kabisa, itolewe na mamlaka ya umma yenye uwezo kisheria wa kuitoa, na isiende kinyume na sheria. Mtu aliye juu ya gari Githurai bado si mamlaka ya umma. Akishinda, kiapo anachokula kiko kwa Jedwali la Tatu la Katiba, anaapa kuitii na kuilinda Katiba na kuwatumikia wananchi, soko lako na barabara yako hazitajwi hata neno moja. Zile ahadi zote za kampeni zilibaki nje ya geti la uwanja wa Kasarani rais alipoapishwa ile Septemba 2022 na zitabaki nje tena 2027. Hii nakubali. Na nakubali pia wanaosema dunia ambayo kila neno linadai rehani ni dunia mbaya, rafiki akikwambia nitakuja kukuona jioni huwezi kumwomba kitambulisho. Kuna ahadi zinapata utamu wake kwa sababu hazina kitu, ni moyo tu. Ile ambayo siwezi kukubali ni hoja ya tatu, ambayo ndiyo maarufu zaidi mtandaoni, kwamba kampeni ni kampeni, kila mtu anajua ni maneno, aliyeamini alijitakia. Hiyo ndiyo ile mbwembwe ya Carbolic Smoke Ball na haikukubalika hata London ya zama za malkia Victoria. Si kweli kwamba kila mtu anajua. Mtu anaahidiwa soko jipya anaacha kulipia kibanda kizuri kwingine, anaahidiwa hati ya shamba anaanza kujenga kwa mawe badala ya mabati, kijana anangoja kazi ya serikali anakataa kibarua cha Industrial Area. Watu hupanga maisha juu ya hayo maneno, na anayeyatoa anajua hivyo, kama hangejua hangepoteza sauti yake kuyatoa.

Sasa nirudi kwa kile nilichosema mwanzo, kwamba mahali pa rehani hapakubaki wazi. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa pesa ambazo Rais Ruto alitoa kwa kanisa Katoliki la Soweto. Nchi nzima ilizungumza kuhusu kurudisha pesa, na kweli kulikuwa na milioni 2 za nyumba ya padre na laki 6 za kwaya na watoto wa utume. Wengi walipita haraka juu ya kitu kingine kwa ile taarifa, milioni 3 ambazo zilikuwa bado hazijatolewa, zilikuwa zimeahidiwa tu, na askofu akazikataa pia. Unarudishaje kitu hujapewa? Mimi nadhani alielewa pleji ya mwanasiasa inafanya kazi gani. Ikishatamkwa madhabahuni, nyumba ya padre iko nusu, mafundi wanangoja, na kuanzia hiyo Jumapili kanisa linapima maneno yake kila likitaka kusema juu ya ushuru ama vijana waliotekwa, juu milioni tatu bado iko njiani. Aliyeahidi hajaweka kitu. Aliyeahidiwa ndiye amewekwa. Kanisa limekuwa rehani ya pleji ambayo si yake, na atakayelikomboa ni yule yule anayelishikilia.

Ukishaiona hiyo, siasa zetu nyingi zinafunguka. Tunauliza kila mara kwa nini barabara inaanza mwezi wa sita wa mwaka wa uchaguzi, inachimbwa, inawekwa kokoto, halafu inalala. Tunasema ni wizi, na wizi uko, lakini hata bila wizi barabara iliyoisha haina faida kwa mheshimiwa kama iliyo nusu, ile ya nusu inamfungia watu wa hiyo wadi miaka mitano mingine, "mkinirudisha tutamalizia". Ile lami ambayo haijawekwa ndiyo inakamata kura. Ndio maana nasema klipu peke yake haitoshi na inaweza hata kumsaidia, kwa sababu kila tukiirusha tunamkumbusha mtu wa mtaa kwamba kuna kitu anadai kwa huyo jamaa, na anayedai haendi mbali na mdeni wake. Wazee walisema ahadi ni deni na ni kweli, lakini wenye duka wote wa Eastleigh watakwambia deni lisilo na kitu nyuma yake linamtesa anayedai kuliko anayedaiwa.

Kwa hivyo tufanye nini na hizo klipu? Tuendelee kurekodi, sawa, lakini swali la kwanza chini ya kila moja liwe lile la dada wa hesabu. Na majibu yapo, si ndoto. Mgombea ubunge hana bajeti lakini ana kalamu, anaweza kuleta mswada umeandikwa tayari kabla ya kura, kifungu kwa kifungu, tuusome, na siku haupeleki Bungeni tunajua si Hazina imemkataza. Mgombea udiwani anaweza kuweka hadharani mali yake leo, kabla ya kuingia City Hall, ili siku ya kutoka tuwe na cha kulinganisha. Mtu anaweza kusema nisipofanya hili moja kufikia tarehe hii sitagombea tena, aandike, asaini mbele ya wakili, awape watu wa wadi karatasi. Haitamfunga kortini, naelewa, lakini itakuwa ameweka uso wake vile sisi tunaweka wetu kwa orodha ya matanga. Ile njia ya sheria yenyewe imefungwa nusu, Katiba kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla muda wake kuisha, lakini masharti ambayo Bunge liliweka yalikuwa magumu hadi Mahakama Kuu ikafuta baadhi yake mwaka 2017. Hao wanaotuomba kura 2027 tuwaulize pia hilo, kama wako tayari kupitisha sheria rahisi ya kuwaondoa wao wenyewe, juu hiyo ndiyo rehani kubwa mbunge anaweza kuweka, kiti chenyewe. Atakayeanza kukohoa hapo, rekodi hicho kikohozi.

Mjomba alikaa bila logbuku miezi saba. Tulikuwa tunalipa kidogo kidogo, pleji za grupu zikiingia kwa kuchoka, na wakati wote huo asingeweza kuuza hiyo gari wala kuikopea. Siku ya kuikomboa tulienda naye, akaichukua, akaikagua ukurasa wa kwanza, akaitia kwa bahasha, akaniuliza kama nimekula.